Usingizi Ulionikuta Juu ya Maji

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye kitanda cha wagonjwa, ama umekaa kando ya mtu wako ukimwangalia anavyopumua, nakusalimu. Hapo ulipo nimewahi kulala. Shule nilienda kidogo tu, nikajua kusoma Biblia na kuandika jina langu, halafu ng'ombe wa baba wakanihitaji. Kwa hiyo ukiona maneno yanaenda kulia na kushoto, vumilia, yatafika.

Asili yetu ni Nyamache. Nikiwa kijana niliondoka kwenda Nyansiongo kutafuta kazi, wakati mashamba yale yalikuwa bado ya wazungu. Mzungu aliyeniandika alikuwa na bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, la simiti, na ngazi ya chuma ya kushukia. Kazi yangu ilikuwa kulisugua kuvu na kutoa majani. Sisi ni watu wa milimani. Maji tuliyoyazoea ni ya mto unaokufika magotini. Yule mzungu aliona ninavyotetemeka ukingoni, akaogopa nitamfia pale, akanifundisha kitu kimoja: kulala chali juu ya maji. "Jaza kifua pumzi, angalia mbinguni, usipigane na maji." Basi. Kuogelea kwenda mbele sijui mpaka leo, lakini kulala juu ya maji nilijua vizuri kama kulala kwenye ngozi ya ng'ombe.

Uhuru ulipokuja mzungu alikwenda zake. Shamba likagawanywa, na mimi na kaka yangu mkubwa Nyakundi tukapata kipande kilichokuwa na lile bwawa. Ng'ombe wakawa wanakunywa humo. Nyakundi alitaka tulijaze udongo tupande sukuma wiki, mimi nikakataa, kwa sababu jua likiwaka nilikuwa naingia kujilaza. Watu walikuja kunitazama kama kioja. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama jambo hilo nalifanya hata siku ya Sabato. Nikamwambia, "Mzee, Sabato si ni ya kupumzika?" Hakucheka.

Nilioa Kwamboka, msichana wa Ikonge, na Mungu akatupa binti, Moraa. Nilikuwa na nguvu. Gunia la mahindi nililibeba peke yangu mpaka ghalani. Nasema hivyo ili ujue ugonjwa haukukuta mtu dhaifu.

Mwaka ambao Moraa alianza kutembea, nilishuka bonde la Lambwe, kule chini kuelekea ziwani, kutafuta maksai wa kulima. Nilikaa kwa rafiki yangu wiki kadhaa, tukizunguka vichakani na mifugo. Kule kuna mbung'o, yule nzi anayekunja mabawa moja juu ya lingine kama mkasi. Akikuuma unaruka. Mmoja aliniuma mkononi karibu na kiwiko, pakavimba, pakawa pagumu na moto kama jipu lisilotoa usaha. Baadaye pakakauka, nikasahau.

Nikarudi nyumbani na maksai, na homa ikanifuata. Inakuja, inaondoka. Nikanunua vidonge vya malaria dukani, nikameza, nikatapika, nikameza tena. Viungo vikauma. Nyuma ya shingo nikashika vivimbe kama maharage chini ya ngozi. Halafu kichwa. Kichwa kile, ndugu yangu, sijui nikueleze vipi. Nilikuwa nakifunga kwa leso ya Kwamboka, nakaza mpaka macho yanatoka, ndipo nipate nafuu kidogo.

Halafu ukaja usingizi. Usiku macho makavu, mchana naanguka. Nilisinzia nikikamua, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, maziwa yakamwagika yote. Nilisinzia kanisani nikiwa nimesimama naimba. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nimeanza pombe, na mimi pombe sijawahi hata kuinusa.

Kwamboka akaanza kunificha. Alichukua ndoo akakamua yeye. Nyakundi akiuliza niko wapi, anajibu, "Ameteremka kwenye mahindi, shemeji." Kumbe niko nyuma ya ghala nimelala kama gogo. Hakutaka niitwe mvivu. Ulikuwa ni upendo, lakini upendo huo karibu unipeleke kaburini, na sasa utaona vipi.

Siku moja mchana mwili uliwaka homa. Nikaenda bwawani na kaptula yangu, nikajilaza chali. Maji ya Nyansiongo ni baridi, yalinishika kisogo, kichwa kikatulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikaangalia mawingu. Nakumbuka wingu moja. Zaidi ya hapo sikumbuki kitu.

Kwamboka alikuja kuchota maji ya ndama. Aliniambia alinikuta naelea, mdomo wazi, nakoroma. Akaniita, "Baba Moraa! Acha mchezo!" Sikuitika. Maji yalikuwa yananisukuma polepole kuelekea ngazi. Kichwa kikagonga chuma, mwili ukapinduka, nikazama bila hata kupiga mkono. Kwamboka hakuwa amewahi kuingia humo hata siku moja. Alishika ngazi kwa mkono mmoja, akashuka na nguo zake mpaka maji yakamfika kidevuni, akanishika kwapani akanivuta. Alipiga yowe mpaka Nyakundi akaja mbio na jembe mkononi, akidhani ni nyoka. Walinilaza kifudifudi, maji yakatoka puani na mdomoni, na damu ikatoka utosini.

Sasa kila mtu akawa na jibu. Amegonga kichwa! Homa, kichwa, kusinzia, yote yakawekwa juu ya ile ngazi. Kwamboka akasema, "Alikuwa amelala kabla ya kugonga." Wakamcheka. Nani kwetu alikuwa amewahi kuona mtu akilala usingizi juu ya maji? Hata kuelea tu walifikiri ni dawa nilipewa na mzungu.

Kwetu Kisii mtu akigongwa kichwa na maumivu yasiishe, anaitwa omobari, fundi wa kupasua kichwa. Si mchawi, usielewe vibaya. Ni mtu mwenye visu vyake na mkono mtulivu. Anafungua ngozi, anatafuta ufa kwenye fuvu, anakwangua mfupa mpaka uchafu utoke. Wengi walipona mikononi mwao, nawajua. Nyakundi akamwita omobari mmoja mzee. Mimi wakati huo nilikuwa naongea kama mlevi, ulimi mzito, mikono inatetemeka. Kila nilichoulizwa nilijibu ndiyo.

Walinikalisha asubuhi migombani, majani ya ndizi yametandikwa chini, kichwa kimenyolewa. Nyakundi akanibana kati ya magoti yake.

"Kichwa kilianza kuuma lini?" omobari akauliza.

"Tangu agonge ile ngazi, tata," Nyakundi akajibu, akimwita baba kwa heshima. Na kwa anavyojua yeye, hakusema uongo.

Kisu kilipita. Kile kisu nilikisikia! Damu ya moto ikateremka ikaingia sikioni. Akavuta ngozi huku na huku, akaosha kwa maji yaliyochemshwa, akaanza kukwangua. Mlio ule unausikia kwa ndani, kama mtu anakwangua ukoko wa ugali na wewe ndiwe sufuria. Akaosha tena, akainama, akatazama muda mrefu.

"Sioni ufa."

"Kwangua zaidi, tata. Uko tu."

Kwamboka alikuwa ameambiwa akae jikoni. Alikuja na sufuria ya maji moto akasimama pale.

"Mfupa huo msiupasue," akasema. "Hakuugua kwa kugonga. Alilala kwanza. Nilimsikia akikoroma."

"Mama Moraa, rudi jikoni," Nyakundi akasema. "Mtu anakoroma majini? Kwani nimezaliwa pamoja na kiboko?"

"Sirudi."

"Na hiyo habari ya kulala umeitoa wapi leo? Kila siku nikikuuliza, unaniambia yuko shambani!"

"Nilikudanganya, shemeji. Alikuwa nyuma ya ghala amelala. Ng'ombe nilikamua mimi. Kichwa alikuwa anakifunga na leso yangu hata kabla ya siku ile ya maji."

"Kwa hiyo jana ulikuwa mwongo na leo tukuamini?"

Hayo yote nilihadithiwa. Mimi sikuyasikia, kwa sababu, ndugu msomaji, pale pale, ngozi ya kichwa ikiwa wazi na damu ikinichuruzika, nilikuwa nimelala. Kwamboka akaninyooshea kidole. "Mtazameni basi! Hata kisu hakimwamshi!" Wakainama, wakanisikia nakoroma kati ya magoti ya kaka yangu.

Omobari akaweka kisu chini. "Mimi natibu vichwa vilivyovunjika," akasema. "Hiki ni kizima. Nikikitoboa na akafa, nitakuwa nimemuua mimi. Ugonjwa wake siujui. Mpelekeni hospitali." Akarudisha ngozi mahali pake, akanifunga.

Nilipelekwa Kisii mjini kwa gari la kubeba maziwa, nimelazwa kati ya mitungi. Daktari alipoona kile kichwa alikasirika. "Nani amemchinja huyu?" Nyakundi akainamisha uso. Daktari akaanza kuandika habari za kidonda, na Kwamboka akaona mambo yanarudi kule kule.

"Daktari, kidonda kiache. Huyu alilala usingizi juu ya maji, kabla ya hicho kidonda."

Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Juu ya maji? Alikuwa anaelea?"

"Ndiyo. Na mchana hulala, usiku hukesha."

"Alisafiri wapi mwaka huu?"

"Lambwe, kununua maksai."

Akanishika shingo kwa nyuma, akavipata vile vivimbe. Akanitoboa kidole, akapeleka damu ikatazamwe kwa darubini. Aliporudi akasema, "Ana malale."

"Malale si ya ng'ombe?" Nyakundi akauliza.

"Hata ya watu. Mdudu anaingia na mbung'o. Sasa nataka nijue amefika wapi."

Nilikunjwa kama mtoto aliye tumboni, goti kwenye kidevu, sindano ikaingia katikati ya mifupa ya mgongo. Daktari akawaita nje wote wawili. Wadudu walikuwa wamefika kwenye ubongo. Dawa ipo, akawaambia, lakini ni kali sana, ina sumu ndani yake. Wengine inawaponya, wengine inawazidi. Bila dawa hiyo hakuna anayepona.

Dawa ile inapita kwenye mshipa. Ilikuwa kama pilipili inakimbia ndani ya mkono kuelekea moyoni. Nilitapika mpaka nyongo. Mkono ukavimba, mshipa ukawa mgumu kama kamba. Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mvuvi kutoka ziwani mwenye ugonjwa huo huo, mtu wa mzaha, alikuwa akiniita "jirani mlalaji" na yeye mwenyewe analala kunishinda. Baada ya sindano alishikwa na degedege, na kabla ya jua kutua akafunikwa shuka.

Nyakundi alipoona hivyo alianza kukusanya nguo zangu. "Afie nyumbani," akasema. "Kwa kisu nilimtesa, sasa tena kwa sumu?"

Daktari akamjibu, "Ukimtoa leo, usihangaike kumrudisha."

Kwamboka alikaa juu ya zile nguo. Alikaa tu juu yazo, na mtoto mgongoni, na Nyakundi hangeweza kumvuta shemeji yake mbele za watu. Sindano iliyofuata nikachomwa. Nilitetemeka mpaka kitanda kikatembea. Nikapona hiyo, nikapumzishwa, nikachomwa tena.

Asubuhi moja nikafungua macho nikasikia njaa. Njaa ya kweli! Nikauliza kama kuna chinsaga, ile mboga yetu chungu, na ugali. Nyakundi alitoka nje. Kwamboka aliniambia alienda kulia kwenye ukuta, asionekane.

Nilirudi hospitali mara nyingi baadaye, kutobolewa mgongo, kuangaliwa kama mdudu amerudi. Hakurudi. Sasa mimi ni mzee, nywele zimeota kila mahali isipokuwa pale pa kisu.

Namshukuru Mungu, na mkono wa yule daktari, na hata yule omobari aliyekubali kusema "sijui" mbele za watu. Na nawaomba nyinyi mnaouguza: mkimpeleka mgonjwa, msimsafishie sifa. Kama analala mchana, semeni. Kama anajikojolea, semeni. Daktari hakuja kuchagua mchumba. Na mkichekwa, rudieni tena kusema, kama alivyofanya Kwamboka.

Jambo la mwisho. Niliporudi nyumbani, kwa muda mrefu Kwamboka hakuniacha nisinzie mchana. Nikifumba macho tu, ananitikisa bega: "Baba Moraa! Baba Moraa!" Nikikohoa yuko, nikinyamaza yuko. Nilipona mimi, yeye akabaki mgonjwa wa usingizi wangu. Mpaka Sabato moja, tumetoka kanisani tumekula tukashiba, nikasinzia kwenye kiti pale uani. Nikalala, nikalala, nikaamka mwenyewe. Jua lilikuwa limezunguka nyumba. Kwamboka alikuwa ameketi karibu yangu anachambua maharage, na alikuwa amenifunika miguu kwa leso.

"Hukuniamsha?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umechoka tu," akasema.