Pampu Yenye Kiu Katika Majaruba ya Bahi

Kwa nini injini ingurume vizuri ikiwa haina kazi, halafu izime mara tu unapoitaka ifanye kazi? Nilijiuliza swali hilo nikiwa nimepiga magoti kwenye tope la Bahi, digrii ninayo, jibu sina.

Safari ilianza kwa simu ya Shangazi Mwaja. Mvua zilikuwa zimekatika mapema na mpunga wake ulikuwa unachanua. Mpunga ukikosa maji wakati huo hutoa mapepe, maganda matupu yasiyo na punje, na mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kuvuna mapepe. Nyumbani kwetu Miyuji, Dodoma mjini, palikuwa na pampu ndogo ya maji ambayo baba aliitumia kwenye kazi ya tofali. Injini yake ni ile ya mipigo miwili, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Baba hakuwepo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira na kubishana na kila mtu. Nikasema nitaipeleka.

Ijumaa, saa moja asubuhi, dereva wa Noah ya abiria aliinusa pampu kabla hajanisalimia. Akaniambia harufu ile ya petroli ingewatapisha abiria wake. Nikakata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakipachika ndani ya kifuniko cha tangi, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Harufu ikaisha. Dereva akasema kweli nimesoma, nami nikaamini.

Saa nne kasoro nilishuka Bahi. Bodaboda aliifunga pampu nyuma yangu kwa mipira, tukapita juu ya kingo nyembamba za majaruba, vile vishamba vilivyozungushiwa matuta ya kuzuia maji, kushoto mpunga, kulia mpunga, mpaka kwenye dimbwi ambamo wakulima wote wa upande ule huvuta maji. Pampu tano sita zilikuwa zinanguruma pembezoni. Nikamwamkia shangazi. Aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye pampu. Udongo wa majaruba yake ulikuwa umeanza kupasuka.

Niliivuta kamba, ikawaka mara ya kwanza. Nikasukuma kishikizo cha kuongeza mafuta. Ikapanda resi, maji yakatoka kwa nguvu, shangazi akashika jembe afungue mkondo. Haikupita dakika, ikazima. Tukasubiri, ikawaka tena, ikazima tena. Kwa resi ya chini ilidumu zaidi, lakini maji hayakupanda.

Nikaangalia video kwenye simu, nikaamua ni uchafu wa kabureta. Nikaifungua juu ya kanga, nikaisafisha, nikaizungusha skrubu ya mchanganyiko huku na huku. Shangazi alikuja akavitazama vile vyuma vilivyotapakaa.

"Chuo walikufundisha kufungua," alisema. "Kufunga mlikuwa msome mwaka gani?"

Akaenda kumwita Issa, Mrangi wa Kondoa mwenye majaruba ng'ambo ya dimbwi hilohilo, ambaye pia ndiye fundi wa pampu za bonde lile.

Saa saba Issa alifika, tope hadi magotini, mkononi hana kitu. Niliona ajabu: fundi gani huyu asiye na hata bisibisi? Alinisaidia kuifunga kabureta kwa bisibisi yangu, akaniambia niwashe na nisiguse kitu. Akaweka kiganja juu ya injini, akainamisha kichwa. Resi ikapanda, maji yakatoka, halafu mlio ukawa mwembamba, mkali, kisha kimya.

"Haina uchafu," alisema. "Ina kiu."

Nilimwambia tangi limejaa. Nikamtaka anieleze amejuaje.

"Yenye uchafu inakohoa tangu mwanzo, dada. Hii imeimba kabla ya kufa. Ikikosa petroli hupaza sauti, kisha inakata roho. Fungua kifuniko polepole, weka sikio."

Nikafungua. Fyuuu. Hewa ilikuwa inaingia ndani. Kile kipande cha tyubu kilikuwa kimeziba kitundu cha kifuniko. Petroli ikitoka, hewa haina pa kuingilia kushika nafasi yake, na petroli nayo hugoma kushuka. Injini ikiwa taratibu hunywa kidogo na kuvumilia. Ukiipa kazi, inakauka.

Issa aliuliza nani ameweka mpira ule. Shangazi akatazama mbinguni kama anayetafuta mawingu. Nikasema ni mimi.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilitaka uhakika. Huenda ni skrubu niliyoigusa, au petroli ilikuwa imechafuka. Nikamwomba tujaribu bila tyubu, kisha tuirudishe, kisha tuitoe tena. Issa alitazama ng'ambo ya dimbwi, akanirudishia macho.

"Jaribu," alisema.

Mara tatu nilijaribu, mara tatu alikuwa sahihi. Kisha akarekebisha skrubu niliyoiharibu. Alifungua mafuta ghafla, akasikiliza. Injini ilisita kama mtu anayemeza mate kabla ya kujibu. Akasema petroli ni kidogo pale mwanzo, akazungusha kidogo. Sasa ikatoa moshi na kuguna, imezidi. Akarudisha robo ya robo. Mara ya mwisho mlio ulipanda pamoja na mkono wake, bila kusita hata kidogo. Sijawahi kuona utaalamu mkubwa hivyo ukikaa kwenye kiganja kitupu. Shangazi alimkaribisha ugali na mlenda. Akashukuru, akaondoka akikimbia.

Hadi jua kuzama majaruba ya shangazi yalikuwa yanameta. Jumapili nilirudi Miyuji nimejifunza jambo moja kuhusu injini: kuongeza mafuta ni kuomba, na kila kiungo kinachopitisha ombi hilo lazima kiwe wazi, hata kitundu ambacho jicho halikioni. Mavuno yalipofika, shangazi alituletea gunia la mchele.

Ilipita zaidi ya miaka miwili, tukiwa tunapeta mpunga kwake, ndipo shangazi alipoligusia jambo hili kwa kupitia tu: siku ile Issa aliizima pampu yake ili aje kwetu, na alipokuwa amesimama akinisubiri nijaribu mara ya tatu, wenzake walivuta maji hadi yakashuka chini ya bomba lake. Majaruba yake matatu ya juu yalitoa mapepe.