Kamba za Salu

Mwanangu Salu alikuwa utingo wa lori la pamba. Kazi yake ilikuwa kufunga magunia kwa kamba na kukaa juu yake mpaka kiwandani Bariadi. Msimu uliopita lori lilipinduka korongoni. Hakuvunjika mfupa hata mmoja. Kichwa tu. Hospitali walisema ubongo umeumia, tudai fidia kwa kampuni ya malori.

Tangu hapo namlinda kama mtoto anayetambaa. Anabandika sufuria tupu motoni na kukaa kungoja ugali. Akisikia lori, anatoka mbio kuelekea barabarani. Kitu kimoja tu hakikumtoka: salamu. Alivyofunzwa na marehemu baba yake, ndivyo anavyosalimu mpaka leo.

Hilo ndilo nililoliogopa asubuhi ile afisa wa kampuni, Ndugu Januarius, alipokuja kumkagua. Alifika na lori lililofuata pamba ya shamba la ujamaa, Mashaka akiendesha.

“Mwangaluka,” afisa alisalimu.

Salu akachuchumaa, akashusha macho. “Mwangaluka, baba. Mhola?” Akauliza habari za nyumbani kwake, za watoto, za mvua, za ng’ombe.

Afisa alicheka. “Mama, huyu ndiye mgonjwa? Kwangu sina kijana mwenye adabu hivi.”

“Muulize baba yake yuko wapi.”

“Yuko wapi baba yako, kijana?”

“Kaenda kunywesha ng’ombe,” Salu akajibu. “Anarudi sasa hivi.”

“Baba yake tulimzika kabla hatujahamia kijiji hiki,” nikasema.

“Kijana anamkumbuka baba yake, basi. Aliyeharibika ubongo hawezi kuniuliza habari za ng’ombe wangu.”

“Unao ng’ombe, ndugu?” nikamuuliza.

“Sina hata mbuzi.”

Mashaka aliangua kicheko. Afisa hakucheka tena. “Fidia ni ya asiyeweza kazi. Apande lori leo, tumwone.”

Salu alikwisha kulifikia lori. Vijana walipomaliza kupakia, alirusha kamba juu ya mzigo, akavuta, akalipiga gunia kofi kama zamani. Wanawake waliokuwa kwenye mzani wakapiga vigelegele. “Salu karudi!”

Mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Alizungusha kamba kwenye ndoano, akaiachia. Akaenda ndoano ya pili, akazungusha, akaiachia. Hakuna fundo hata moja. Kisha akapanda mpaka juu kabisa, akakaa, akanipungia.

Mashaka akawasha injini. Nikaenda mbele ya lori, nikakaa chini vumbini, mgongo wangu ukiwa kwenye bampa.

“Mayu, mama yangu, toka hapo! Unataka nifungwe?”

“Shuka uvute kamba. Yoyote.”

Alishuka akinung’unika. Sikuweza kumwona. Nilisikia kamba ikianguka chini, kisha nyingine. Manung’uniko yakakoma.

“Ndugu Januarius,” akasema kwa sauti ndogo, “hebu njoo uone.”

Afisa alikuwa ameshakaa mbele, kwenye kiti cha abiria. “Zifunge wewe. Atazoea. Tumechelewa.”

Injini haikuzimwa, ilikuwa inanitetemesha mgongo. Kule juu Salu alikuwa anamsalimu mtu aliyepita njiani, akimuuliza habari za ng’ombe wake. Mashaka alisimama kando yangu na kamba mkononi, akimtazama afisa, kisha mimi.

Sikuinuka.