Mama Aliyekamua Mbuzi wa Zimwi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, asubuhi ambayo mama yangu wa kambo alianza kuondoa mikeka ya nyumba yake. Sipendi kuikumbuka peke yangu, kwa hiyo leo nakukalisha hapa tuikumbuke wote, wewe ambaye hukuwepo na mimi ambaye natamani nisingekuwepo.

Wewe umezaliwa hapa mjini Galbet chini ya bati, lazima nikueleze. Sisi tulikuwa watu wa kuhama, upande wa Bute, na nyumba ilikuwa ya mwanamke. Aliitengeneza na mama yake na shangazi zake, miti ya kupinda na mikeka ya kufuma, akaja nayo juu ya ngamia siku anaolewa. Sasa mwanamke akifungua mikeka siku ambayo wengine hawahami, hakuna haja ya kuuliza. Anarudi kwao na nyumba yake, na mume anabaki amesimama kwenye duara la vumbi. Baba yangu alisimama hivyo hivyo asubuhi ile, mswaki wa mti mdomoni, hapigi mswaki wala hautoi. Na aliyesababisha yote hayo nilikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, kwa hadithi tu.

Nakuambia haya kwa sababu jana umemaliza kunisomea daftari lako. Jioni tatu umenisomea, na mimi nimenyamaza, na najua umeudhika kwamba nimenyamaza. Umeandika kitabu cha watoto. Umechukua ile hadithi yetu ya zimwi wa kisima, ukamwacha yule msichana shujaa ambaye kila mtu anamtaka, ukamchukua mama anayekamua mbuzi wa zimwi. Umempa mbuzi wanaosema, umempa mji chini ya ardhi, umempa na mbawa. Mbawa, mwanangu! Kwetu hata tai alikuwa anatembea kwa joto. Lakini sikunyamaza kwa ajili ya mbawa. Nilinyamaza kwa sababu mama huyo namjua.

Hadithi yenyewe alinipa bibi yangu, tuliyemwita Ayeeyo. Kulikuwa na ukame, na kisima kimoja tu kilichobaki na maji kilikaliwa na zimwi. Msichana mmoja akapotea akitafuta maji, akafika kwenye boma la zimwi. Pale kulikuwa na mwanamke anayekamua mbuzi. Mwanamke akamletea maziwa, akamwambia, "Kunywa, mwanangu." Basi, hayo tu. Ndani ya maziwa mlikuwa na dawa ya usingizi. Msichana akayamwaga mchangani, akajifanya amelala, na zimwi lilipokwenda kutafuta kuni akaruka juu ya ngamia aliyekuja naye akakimbia. Akarudi na watu wa kwao wote, wakalifukuza zimwi, wakanywa maji, na hadithi ikaisha. Mwanamke wa maziwa hatajwi tena. Nilisikia hadithi hiyo labda mara mia na sikuwahi kuuliza aliishia wapi.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka tisa. Aliacha watatu: mimi, mdogo wangu Kaltuma, na Yusuf ambaye bado alikuwa mgongoni. Ayeeyo akatulea, na nyonga yake mbovu ile, mpaka baba alipooa tena. Alimwoa Shamsa, kutoka Rhamu, kule kwenye mto Daua. Alikuja na nyumba yake, na vyombo vyake vya maziwa, na mzigo wa vijiti vilivyofungwa kwa kamba nyekundu.

Vijiti hivyo ndivyo vilivyoniponza. Chombo cha maziwa kwetu hakioshwi kwa maji, maji yako wapi? Kinafukizwa kwa moshi. Unachoma kijiti, unakiingiza ndani, unafunika, na moshi ule unayatunza maziwa na kuyapa ladha. Kila nyumba ina mti wake. Mama alikuwa na mti wake, na ladha yake ilikuwa bado kwenye ulimi wangu miaka mitatu baada ya kumzika. Shamsa alifukiza kwa mti wa mtoni kwao. Asubuhi ya kwanza akanimiminia, akanipa kwa mikono miwili, akatabasamu, akasema, "Kunywa, mwanangu."

Nilikunywa nikasikia moshi wa watu wengine. Sikuwa na chuki na Shamsa, wallahi, hata jina lake lilinipendeza. Nilikuwa na uchungu wa mama tu, na uchungu ule ukatafuta mtu wa kumkalia.

Siku ile ile, tukichunga mbuzi, nikawaambia wadogo zangu. "Mmesikia maziwa yananuka nini? Mmesikia alivyosema? Kunywa, mwanangu! Mnajua huyo ni nani?" Kaltuma akatoa macho. Yusuf, miaka minne, akaanza kulia. Na sijakuambia kosa la pili: ilikuwa mchana. Ayeeyo alitukataza kabisa kusimulia hadithi mchana, akisema mbuzi hupotea. Mimi nikasimulia saa sita, jua utosini, na hakuna mbuzi aliyepotea, nikajiona mjanja sana.

Wadogo zangu wakaacha maziwa ya Shamsa. Walikula uji kidogo, wakaomba maziwa kwa majirani, wakasema wameshiba. Shamsa akabadilisha chombo. Akafukiza mara mbili, maskini, akidhani moshi ni mdogo. Kumbe anazidisha. Mwezi mzima nilimwona akinusa mdomo wa chombo chake mwenyewe akitafuta kosa, na mimi nikageuza uso. Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi, mwanangu, kuliko pale niliposema. Kusema nilisema mara moja. Kunyamaza nilinyamaza mwezi.

Kisha kaka yake akaja kutoka Rhamu kumjulia hali, na ngamia wawili. Shamsa akafurahi, akatandika mkeka, akamkaribisha, akamimina maziwa, na ili mgeni aone kwamba watoto wa nyumba ni wake, akampa Yusuf kwanza. Yusuf akashika kikombe cha mbao. Akamtazama Shamsa. Akayamwaga yote mchangani, mbele ya mjomba, mbele ya baba, mbele ya majirani waliokuja kusalimia.

Wewe ukimwaga maziwa unachukua kitambaa unafuta. Kwetu, mwaka mkavu kama ule, kumwaga maziwa ya mtu kwa makusudi mbele ya ndugu yake ni kumwambia hatukutaki wewe na mbegu yako. Hata mtoto wa miaka minne anajua. Baba akamkamata Yusuf mkono lakini kaka yake Shamsa akainua kiganja. "Mwache. Mtoto hasemi kitu ambacho nyumba haijasema." Kisha akamgeukia dada yake. "Asubuhi ninaondoka. Nina ngamia wa mzigo."

Ndiyo ile asubuhi. Shamsa alifungua mikeka bila kelele, mmoja mmoja, akaikunja vizuri. Alikuwa amefikia nusu, miti ya nyumba inaonekana upande mmoja, wakati Ayeeyo alipomvuta Yusuf mapajani.

"War, wewe Yusuf, niambie mimi, kwa nini ulimwaga?"

"Lazima umwage," Yusuf akasema, akishangaa kwamba mtu mzima hajui. "Usipomwaga unalala, zimwi anakuja. Dahabo alisema."

Dahabo ni mimi. Ayeeyo aliniangalia, na ningependa angenichapa.

"Naa, wewe Dahabo. Hadithi hii nani alikupa?"

"Wewe, Ayeeyo."

"Na mimi nilikwambia mwanamke yule ni Shamsa?"

"Hapana."

"Kosa moja ni langu," akasema. "Miaka yote hii namsimulia mwanamke yule na sijamuuliza jina. Nilimwacha mtupu, na mtu mtupu anavalishwa chochote. Lakini wewe ulimvalisha sura ya mtu anayekupikia. Sasa umemwingiza Shamsa ndani ya hadithi. Nenda ukamtoe."

"Nitamtoaje?"

"Ulimwingiza na nini? Na mdomo huo huo. Simulia, hapa, yeye anasikia."

Nikaangalia juu. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, nakuambia ukweli. "Ayeeyo, ni mchana. Mbuzi watapotea."

Yule mzee akasimama, akashika fimbo yangu ya kuchungia. "Mbuzi nitachunga mimi," akasema, akaenda zake nyuma ya kundi, anachechemea, na sikuwahi kumwona akichunga tangu nizaliwe.

Nikakaa chini mbele ya nyumba iliyobaki nusu. Kaltuma na Yusuf wakakaa. Kaka yake Shamsa alikuwa anafunga kamba kwa ngamia, akaendelea kufunga. Shamsa alinipa mgongo. Nikaanza kwa sauti ndogo, na sikujua ninakwenda wapi.

Nikasema kwamba mwanamke yule hakuzaliwa na zimwi. Alikuwa mtoto wa watu, kutoka mbali, kwenye mto, naye alipotea akitafuta maji kabla ya msichana wetu. Zimwi likamweka akamue mbuzi. Likamwambia, kila mtoto akija, tia dawa kwenye maziwa, mwambie anywe, na mimi nitakuwa nyuma ya boma nasikiliza. Kwa hiyo alikuwa lazima aseme "Kunywa, mwanangu." Lakini hakuna aliyeweza kumkataza kufukiza chombo. Akatafuta kijiti cha mti wa kwao, mti ambao watoto wa huku hawaujui, akafukiza nacho, ili mtoto akinusa ashtuke, asinywe. Zimwi lilisikia maneno tu. Msichana alinusa moshi. "Hakuwa mjanja peke yake," nikasema. "Aliambiwa."

Yusuf alikuwa ameachama. Mikono ya Shamsa ilikuwa imesimama kwenye fundo la kamba.

"Na baadaye?" Kaltuma akauliza. "Watu walipokuja kunywa maji. Yule mama alikwenda wapi?"

Hadithi ya Ayeeyo ilikuwa imeisha pale na yangu haikufika zaidi. Shamsa ndiye aliyejibu, bado ametupa mgongo.

"Alikuwepo pale pale," akasema. "Watu walikuwa wengi, na kelele. Alikuwa anangoja mtu amwite."

Mwanangu, mwezi ule wote sikuwa nimemwita Shamsa jina lolote. Nilisema "wewe", nilisema "baba anauliza", nilikohoa ili ageuke. Mama nisingeweza kumwita, mama alikuwa mmoja. Lakini watoto wa kwetu humwita mke wa baba Eddo, kama shangazi, na neno hilo nilikuwa nalo siku zote, nimelibana tu.

"Eddo," nikasema. Nikarudia. "Eddo, nipe maziwa."

Akageuka. Alikuwa amelia, na mimi nikalia nilipomwona. Akaenda kwenye mzigo uliokwisha kufungwa, akafungua, akatoa chombo, akanimiminia yaliyobaki, kidogo tu, yameganda. Hakusema ninywe. Nilikunywa yote mbele ya wadogo zangu, moshi wa mtoni na kila kitu, na Yusuf akakaribia kuangalia kama nitalala. Alingoja sana. Kisha akasema, "Na mimi."

Shamsa akampa tone la mwisho, akafuta uso kwa shuka, akaniangalia mimi na mikeka iliyo chini. "Umekaa unangoja nini?" akasema. "Shika upande ule. Mikeka haitapanda yenyewe."

Kaka yake alifungua ngamia huku akinung'unika kwamba amefunga mizigo bure tangu alfajiri, lakini alikuwa anacheka. Baba ndipo akakumbuka kuutoa mswaki mdomoni. Jioni Ayeeyo akarudi na mbuzi, tukawahesabu, na mmoja hayupo. "Nilisema mimi!" akapiga kelele, na nadhani hakuna kitu kilichomfurahisha zaidi mwaka ule. Aliyekwenda akampata mbuzi huyo kabla ya magharibi ni Eddo Shamsa.

Alinilea. Aliniosha nilipougua surua, na siku ya ndoa yangu ni yeye aliyenipaka hina na kunifunganyia mikeka ya nyumba yangu. Ndani ya mzigo akaniwekea vijiti vya aina mbili, vya kwao na vya mama yangu. Mti wa mama alikuwa ameutafuta mwenyewe, akimuuliza Ayeeyo, bila kuniambia.

Sasa sikiliza, mwandishi wangu. Mimi ni mzee ninayeomba "fiatu" nikitaka viatu, mnacheka mpaka mnaanguka, kwa hiyo sikufundishi Kiswahili. Nakufundisha hili moja. Mtu akipita kwenye hadithi na neno moja tu, usimpe ubaya kwa sababu hana wa kumtetea. Muulize ametoka wapi na anaogopa nini. Na mtu akija nyumbani kwako na harufu usiyoijua, muulize hivyo hivyo kabla hujawaambia watoto chochote, maana watoto wanaamini, na watamwaga. Ukikosea, usikae mwezi. Karekebishe kwa sauti ile ile uliyoharibia, na uliyemkosea awepo.

Mbawa mwachie, nimezoea. Lakini katika daftari lote, kurasa zote zile, unamwita "mkamuaji". Hata wewe umesahau kumpa jina. Mpe lako. Baba yako alikupa hilo la Shamsa kwa sababu mimi nilimwomba, na hukuwahi kuniuliza nililitoa wapi.

Mungu akuongoze mkono unaoandika, akupe wasomaji wadogo wenye maswali kama ya Kaltuma, na kila nyumba utakayoingia ikuite kwa jina siku ya kwanza. Amin. Haya, Shamsa, niletee maziwa.