Nani Apewe Namba Moja

Nilijipa hamsini bila kumwomba mtu ruhusa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Karatu kumalizia riwaya yangu ya kwanza, na nyumba yetu ilikuwa na mengi ya kusema juu ya binti anayeshinda ndani akiandika habari za watu wasiokuwepo wakati mahindi yanangoja kupukuchuliwa. Niliandikia kwenye laptopu iliyochoka, ambayo ilikuwa imeshanimezea sura nzima mara mbili. Flashi nazo ziliingiwa na virusi. Kwa hiyo kila nilichoandika nilikituma kwenye kompyuta ya zamani niliyoiweka stoo, katikati ya magunia, kupitia mtandao wa nyumbani. Riwaya nzima ilikuwa humo. Hapakuwa na nakala nyingine ya kuaminika.

Adui alikuwa umeme. Ukikatika na kurudi, ruta yetu, kile kifaa kinachogawa mtandao, iliamka kama mgonjwa aliyesahau majina ya wanawe, ikagawa upya anwani, zile namba ambazo vifaa hutambuana kwazo. Namba iliyokuwa jana ya kompyuta ya stoo, leo ilikuwa ya simu ya mama, na laptopu yangu ikabaki inabisha hodi kwa mtu mwingine. Nikachoka kubisha. Nikafungua ukurasa wa ruta, nikaona kwamba yenyewe inagawa namba kuanzia mia moja hadi mia mbili, nikachagua chini ya hapo, mahali ambapo mkono wake haufiki. Anwani za nyumba yetu zote zilifanana, isipokuwa namba ya mwisho. Ya stoo nikaipa hamsini, nikaiandika ndani ya kompyuta yenyewe. Jioni umeme ukaenda, ukarudi. Hamsini ilikuwa palepale. Nilicheka peke yangu, nikinuka vumbi la mahindi.

Furaha hiyo ndiyo iliyonifanya niwagawie wote. Printa nikaipa ishirini. Kaka yangu mkubwa, anayepanga safari za wageni wanaokwenda kreta kutazama wanyama, nikampa thelathini. Kompyuta ya baba, ile ya sebuleni anayotunzia picha za mashamba yake ya vitunguu kule Mang'ola na mahubiri anayopenda kuyarudia, nikaipa kumi. Wakati wa chakula nikawaeleza. Baba akamaliza tonge lake, akauliza moja ni ya nani.

Nikamwambia ni ya ruta. Vifaa vyote vikitaka kutoka nje ya nyumba hupitia kwake, ndiyo maana.

"Lile boksi," akasema.

Mama akajishughulisha na maziwa mgando. Kaka akainamia sahani kuficha meno. Kwetu baba hunawa wa kwanza na hupakuliwa wa kwanza, na mimi nilikuwa nimemtangazia mezani kwamba ametanguliwa na boksi lenye vitaa vya kijani.

Haukupita muda mtandao ukaanza kufa. Taa za ruta zinawaka, simu zinaonyesha zimeunganishwa, lakini hakuna kinachotoka wala kinachoingia. Kaka alikuwa na wageni wanaosubiri majibu yake, wakachoka, wakaenda kwa wengine. Alisimama kwenye mlango wa stoo akaitazama mashine yangu kama anavyomtazama mbuzi wa jirani ndani ya shamba.

"Hadithi zako zimeziba bomba, sista."

Nilimwambia maneno hayazibi kitu. Akaenda kwa baba. Baba akatoa hukumu: Jumapili baada ya misa ile kompyuta ichomolewe, ifutwe yote iliyomo, ipelekwe parokiani watoto wakajifunzie.

Nikasema hapana. Nyumbani kwetu neno hilo haliendi kwa baba. Nililisema kwa sauti ya chini, kisha nikalirudia kwa ajili ya ambao hawakusikia.

Katikati ya wiki baba alishuka Mang'ola kupakia vitunguu, na mtandao ukapona. Kaka akaniuliza kama nimezima. Nikampeleka stoo, nikamwonyesha mashine inavyonguruma. Akatupa jicho upande wa sebuleni, akatoka haraka; sikumwelewa bado. Baba aliporudi, akaoga, akawasha kompyuta yake kutazama picha za mavuno, na mtandao wa nyumba nzima ukakatika.

Basi nikaingia sebuleni, na alipoinuka kuchukua miwani nikakaa kwenye kiti chake. Sijui kama kuna mwingine aliyewahi kukikalia. Nikafungua mahali pa anwani. Nilikuwa nimeiacha inaishia na kumi. Sasa ilikuwa inaishia na moja.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee mwenyewe aliniambia nimwekee moja," akasema. "Ningekataaje?"

Baba alikuwa nyuma yangu. Sikuinuka. Nikamweleza kwamba sasa nyumba ina wawili wenye anwani moja, yeye na ruta. Vifaa vikiita mlango wa kutokea, wakati mwingine inaitika mashine yake, na mashine yake haina mlango.

"Kwa hiyo ni mimi ninayewafungia," akasema.

"Ndiyo, baba."

Nje lilipita gari la watalii, likapandisha kuelekea msituni, na tukalisikiliza mpaka likapotea. Kisha akauliza namba ya mwisho kabisa ni ipi. Nikamwambia mia mbili hamsini na nne.

"Niandikie hiyo. Mwenye ng'ombe hatangulii kundi. Anatembea nyuma, aone anayebaki."

Nikaiandika. Simu ya kaka ikaanza kulia mfululizo, jumbe zikimwagika, akatoka nje nazo. Baba akasubiri nimpishe kiti chake. Nikampisha, lakini sikuondoka.

"Na ya stoo haitoki," nikasema.

"Hata nikisema?"

"Hata ukisema, baba."

Akavaa miwani. Akafungua picha moja, safu za vitunguu vya kijani zikinyooka hadi ukingo wa mfereji, akaitazama kana kwamba sebuleni hakuna mtu mwingine. Kwetu baba asipojibu, maana yake ni hapana, na kila mtu anajua. Siku ile nikaamua maana yake ni ndiyo, nikaenda stoo kuandika.