Kengele ya Kitanda cha Sita

Ofisini tulimwita Fundi Kimya. Si kwamba alikuwa mpole. Ulimi alikuwa nao, tena mkali. Ni kwamba kila Java, lugha tunayoandikia programu, ilipotoa onyo kwenye kazi yake, aliandika kijimstari cha kulinyamazisha, akaendelea na chai. Sote tulifanya hivyo, nisijitie utakatifu, ila yeye alikuwa bingwa.

Programu yetu inasimamia pampu za dripu hospitalini. Miaka miwili nyuma aliandika sehemu ya kuzisajili, kwa sharti la aina mbili kwa pamoja: kifaa kiwe pampu, na papo hapo kiwe na kengele. Mwishoni akalazimisha kila kifaa kihesabiwe kuwa cha aina hizo mbili. Java ikaonya, naye akainyamazisha.

Jumatatu asubuhi nilipewa kazi yake niikague.

"Hapa unapolazimisha, Java inakagua aina zote mbili?" nikamuuliza.

"Si nimeziandika zote mbili? Soma, bwana."

Nilisoma, nikaliona kosa. Programu ikishaanza kufanya kazi, Java hubaki na aina ya kwanza tu. Wakati wa kusajili iliuliza kama kifaa ni pampu, basi. Habari ya kengele ingeulizwa siku kengele inatakiwa kulia, na hapo ndipo programu ingekwama. Pampu isiyo na kengele ingekaa wodini mwaka mzima bila mtu kushtuka.

Nilimkasirikia sana, nikamweleza, uso ukamsawajika. Alirekebisha mstari ule, akataja aina zote mbili waziwazi pale pale pa kulazimisha, ili zote zikaguliwe. Kisha akapitisha upya kwenye programu orodha ya pampu za wodini. Kifaa kimoja kilikataliwa: pampu kuukuu isiyo na kengele, kitanda cha sita.

Mama yake Fundi Kimya alikuwa amelazwa kitanda hicho tangu Jumamosi.

Akampigia mdogo wake aliyekuwa akimuuguza mama, simu akaiweka mezani, sauti ikisikika kwetu sote.

"Pampu ya mama inaendeleaje?"

"Haina neno, dada. Tangu alfajiri haijapiga hata kelele."

"Hebu tazama mfuko wa dawa."

Tulisikia kiti kikisogezwa.

"Mtupu," akasema mdogo mtu. "Umekauka kabisa. Dada, na mama namwita, haitiki."