Nilivyomtungia Weldon Tribo Msimu Mzima

Aibu yangu hii wanaijua wanaume ishirini na wawili waliokuwa kwenye majlisi ile, sebule ya wageni, ya Madinat Sultan Qaboos, pamoja na wake zao, maana hakuna mwanamme wa kwetu aliyeona kituko kama kile akafika nyumbani akanyamaza, kwa hiyo bora niihadithie mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi (ingawa sidhani kama imebaki nafasi ya chumvi).

Tulikwenda kuniposea Zuwena. Zuwena alishaniambia kwamba baba yake, Mzee Harith, anaweza kumvumilia mtu yeyote isipokuwa muongo, na kwamba ujanani alisoma Marekani akarudi na shahada na mapenzi ya beisboli, mchezo ambao hapa Maskati hapati hata wa kubishana naye. "Kuna filamu moja ya beisboli," akaniambia, "itazame, angalau ujue gongo na mpira." Nikaitazama Jumatano. Sasa mimi kazi yangu ni takwimu, nakaa ofisini Khuwair nikijumlisha magari yanayopita barabarani, na filamu ile ikaniwasha vibaya, kwa sababu timu imecheza msimu mzima lakini sisi tunaonyeshwa mechi tatu tu, je, hizo nyingine walifanya nini? Sikutulia. Nikafungua kompyuta nikaanza kumkadiria kila mchezaji, kapiga mara ngapi, kakosa mara ngapi, mwezi gani alikuwa hoi, mpaka wale wa benchi wasiosema neno filamu nzima. Mrushaji wao wa mkono wa kushoto, mtu mzima aitwaye Weldon Tribo, nilimpangia mechi moja moja, na bega lake lilipoanza kumuuma nilisikitika kwelikweli (mama alinikuta nimeshika la kwangu). Siku mbili zikaisha hivyo, na mchezaji wa kweli sikumtafuta hata mmoja.

Ijumaa baada ya alasiri tukatoka kwetu Mabela kwa magari matatu. Ami Seif, ndugu wa baba yangu na msemaji wetu siku ile, akanipa sheria njiani: "Mposaji hasemi. Nnasema mimi. We kula halua, kunywa kahawa, ukitosheka tikisa finjani, khalas."

Sheria hiyo mtoto wa miaka mitano anaijua. Usipoitikisa finjani, mwenye birika ataendelea kukumiminia mpaka kiyama, na mwenye birika siku hiyo alikuwa Salim, kaka yake Zuwena, mtu wa ndevu na sura ngumu. Mimi nilikuwa nimekaa, mguu unacheza wenyewe ndani ya kanzu, nageuza shingo mlangoni, dirishani, kwa Ami Seif, na mara Mzee Harith, kwa wema wake tu, akaniuliza, "Na wewe mwanangu, ukipumzika unafanya nini?"

Ningesema natembea. Watu wote wanatembea! Nikasema, "Natazama beisboli."

Mzee akanyanyuka kwenye mto. "Ya salaam! Nani wako?"

Nikatafuta jina kichwani, nikakuta mtu mmoja tu. "Weldon Tribo."

Akanikazia macho. "Tribo... wa mkono wa kushoto?"

"Ndiye huyo, ami."

"Hebu nambie, msimu wake ulikuwaje?"

Jamani. Ami Seif alinifinya paja lakini nilikwishatoka, nikasema mechi thelathini na moja, kashinda kumi na tisa, mwezi wa nne alikuwa taabani, mwezi wa sita akaamka, na kila nikisema Salim ananimiminia, nami nakunywa bila kutikisa kwa kuwa mikono yote iko kazini, finjani ya tano, ya nane, moyo unakwenda mbio, maneno yanakwenda mbio zaidi, mpaka nikasimama katikati ya zulia kuwaonyesha bega lilivyoharibika, nikarusha mkono, na kahawa yote ikatua kifuani kwa Ami Seif, kwenye kanzu aliyoitoa kwa dobi asubuhi ile.

Hapo ndipo Salim alipoliweka birika chini akatoa simu. "Baba," akasema, "huyu Tribo ni mtu wa filamu."

Mzee Harith akasema taratibu, "Nnajua. Filamu hiyo nnayo. Nilitaka kuona atafika wapi." Kisha akanigeukia. "Hizo nambari umezitoa wapi?"

"Nimezitunga."

"Zote?"

"Zote, ami. Hata za wa benchi."

Hakucheka. Akamwambia Ami Seif, "Mtu huyu kesho akichelewa kurudi nyumbani, atamtungia mwanangu nini?" Ami Seif, kahawa inamdondoka, akaanza kujipangusa. Tukaambiwa tutapewa habari.

Wiki mbili nilizunguka chumbani nikiwasha simu na kuizima. Nilimtaka Zuwena mpaka chakula hakipiti, na nilijua nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Siku ya kumi na tano akaniandikia: "Baba anauliza, bega la Tribo lilipona?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilishamtungia Tribo hata msimu uliofuata, bega limepona, kashinda mechi kumi na mbili, na vidole viliniwasha, wallahi. Nikaandika: "Filamu haikusema. Sijui."

Nikakaa nikiitazama simu, mguu unacheza. Ikaja: "Anasema njooni Ijumaa. Na utikise finjani."

Tangu hapo kila nyumba ninayoingia naitikisa kabla hata ya kumiminiwa, wenyeji wanadhani sipendi kahawa, na mimi nawaacha wadhani hivyo hivyo.