Tamthilia ya Kituruki ilivyotaka kufunga sale yetu ya video hapa Baraka, Kongo

Wakuu, nawapa heshima zenu wote.

Kwanza mnisamehe maandishi. Niliishia shule ya msingi, na kwenye simu naandika polepole, herufi moja moja. Mkiona kosa, rukeni muendelee. Lakini habari yenyewe ni ya kweli, nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho.

Mimi ndiye ninayeendesha televizio katika sale ya video ya mujomba wangu, chumba ambamo watu wanalipa kuona filamu. Nawasha jenereta, naweka filamu, nakaa nyuma. Kazi hiyo inanifaa kwa sababu mimi ni mtu wa aibu, na gizani hakuna anayekuuliza kitu.

Filamu zangu ni za vita. Bunduki, helikopta, daraja linalipuka. Nyingine zote nilikuwa naziita filamu za watu waliochoka.

Basi vijana wakaanza kuondoka. Mmoja kaenda Misisi kuchimba dhahabu, akawaita wenzake, na wale wakawaita wengine. Viti vikabaki vitupu.

Mujomba akaniambia wazi: sale isipojaa, anauza televizio, na sisi wawili tunapanda pikipiki kwenda Misisi. Yeye afanye biashara, mimi niingie shimoni.

Wakuu, mimi naogopa shimo. Sioni haya kusema. Nimewaona wanaorudi kutoka kule.

Mama Riziki, anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, ndiye aliyenipa njia. Alisema bamama wanapenda tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na wale vijana wa Tanzania. Niweke mchana, soko likipoa, nao watakuja.

Nikatafuta flash, nikaweka. Walikuja kweli, na vitenge vyao na watoto mgongoni.

Niwaambie ukweli, episode ya kwanza niliteseka. Mtu anamwangalia mwenzake, muziki unapiga, bado anamwangalia. Kwenye filamu zangu, kwa muda huo kijiji kizima kingeshakombolewa. Vijana wachache waliobaki mtaani wakanitania kwamba nimekuwa mama, bado kubeba mtoto tu.

Hadithi ilikuwa hivi. Tajiri amefiwa na mke, ana mapacha wadogo. Anakuja mwanamke kukaa katika nyumba ile, anaitwa Selma. Mtafsiri kila mara anamwita yaya. Yaya Selma kafanya hiki, yaya Selma kalia.

Sisi wote tukaelewa ni dada mkubwa wa yule tajiri. Hapa kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe mwanamke au mwanaume. Tukamsifu sana. Mama Riziki alisema huyo ndiye ndugu, kaka kafiwa, yeye kaja kumlelea watoto. Mimi nyuma kule nikaanza kumpenda Selma pia. Siku jenereta lilipozima Selma akiwa mgonjwa hospitalini, nilikimbia kutafuta petroli zaidi ya ninavyokimbia kwa filamu ya vita.

Ndipo tukafika episode ile mbaya.

Tajiri kamshika mkono bustanini. Mtafsiri kwa sauti nzito: "Yaya, nashindwa kuficha. Nakupenda, nataka uwe mke wangu."

 

Mama Riziki akasimama mbele ya televizio, akanigeukia mimi.

"We mutoto, unatuita hapa kuona muntu anaoa yaya yake? Kwenu banafanya hivi?"

 Nikazima televizio. Kuoa yaya ni mwiko ambao hata kuutaja mbele ya watu ni aibu. Wakatoka wote, mmoja akitema mate mlangoni, na kesho yake soko zima lilikuwa linasema sale yetu inaonyesha laana.

Mujomba hakufoka. Alisema tu kuna mtu wa Kilembwe atakuja kuangalia televizio ainunue, niipanguse vumbi.

Nilipokuwa naipangusa nikaiwasha, peke yangu, nikairudisha episode ile mwanzo. Nilitaka kujua kama Selma atakubali. Na hapo nikasikia kitu kilichotupita: tajiri anamwambia Selma kwamba mwezi huu atamwongezea mshahara.

Nikasimamisha. Yaya gani analipwa mshahara na ndugu yake?

Nikaenda pwani ya ziwa, mashua zinapotia nanga. Kulikuwa na mama mmoja wa Kigoma ameleta mzigo wa vitenge. Nilizunguka mzigo wake mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamuuliza kwao yaya ni nani.

"Yaya si msichana wa kazi anayelea watoto, mwanangu? Dada yako mkubwa ni dada tu."

Nilipomweleza kwa nini nauliza, alicheka mpaka akakalia mzigo.

Sasa kazi ikabaki ya kusema. Mimi, mbele ya meza za ndagala, bamama wote wananitazama. Sauti ilitoka ndogo, Mama Riziki akaniambia nisiongee na samaki, niongee na watu. Nikarudia kwa nguvu: kwa Watanzania yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto. Selma si ndugu yake. Analipwa.

Wakaangaliana. Kisha Mama Riziki:

"Analipwa? Mi yaya yangu alinibeba, aliniosha, alinipiga. Hakuna siku alilipwa."

Soko likacheka. Mwingine akauliza: "Basi Selma alimujibu nini?"

Nikasema sijui, nilisimamisha kabla hajajibu. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyowarudisha.

Mtu wa Kilembwe alifika mchana huo. Alikuta mlango umezibwa na migongo ya bamama, televizio hakuiona hata upande. Mujomba akamwambia arudi nyumbani, haiuzwi tena, na akaniomba nisogee apate pa kukaa.

Wakuu, nilichojifunza: usicheke filamu ambayo hujaikalia. Na Kiswahili ni kimoja, lakini kila pwani ina maneno yake, uliza kabla hujatoka nje umekasirika. Filamu za vita bado nazipenda. Ila mchana msiniguse.

Selma alikubali, kwa wanaotaka kujua.

Tafadhali niandikieni hapa chini, hata mstari mmoja, nitasoma wote ingawa kujibu nitachelewa. Kwenu yaya ni nani?